Nimeongea saa mbili na projekta, wamejiandikisha wawili. Bibi kasema sentensi tatu, kijiji kimeshika mashoka. Aliwafanyia nini?

#1 Afisa Vumbi
Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mtwara mwaka wa pili sasa, huko juu upande wa Newala. Nimeletwa na mradi ambao sitautaja. Kazi yenyewe ni kuwaomba wakulima wapunguze mikorosho ya zamani iliyosongamana. Mwenye korosho ananielewa: miti ya enzi za babu ilipandwa karibu karibu, matawi yameshikana, jua haliingii, mti unazaa kileleni tu. Nafasi inayoshauriwa ni mita 12 kwa 12, yaani kama miti 28 kwa ekari. Huku nakuta 50, pengine 60. Kwa hiyo unakata baadhi, na visiki vingine vikichipua unavibebesha vikonyo vya mbegu bora kutoka Naliendele, kituo cha utafiti wa korosho.

Nimefanya mikutano miwili. Wa kwanza walikuja watu kumi na tano, wakanisikiliza, wakaondoka. Wa pili nikajipanga. Nikaja na jenereta, projekta, na shuka jeupe nililobandika ukutani mwa ofisi ya AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Nikawapa grafu, picha za kabla na baada, hesabu za kilo kwa mti. Saa mbili nzima. Watu wakapiga makofi kweli kweli. Waliojiandikisha: wawili, na mmoja ni mwenyekiti, ambaye angekataaje mbele za watu?

Wakati nakunja shuka, bibi mmoja aliyekuwa pembeni kwenye mkeka anabangua korosho zake akasema, bila hata kuinua kichwa: "Mimi kesho asubuhi nakata mitatu ya marehemu (nadhani mumewe). Anayetaka kuona aje. Asiyetaka asije."

Basi. Asubuhi nikakuta watu zaidi ya arobaini shambani. Ndani ya wiki wamejiandikisha kaya 19.

Nina digrii na nimeshahudhuria semina mbili za mawasiliano. Naomba mnieleze, yule bibi alifanya nini ambacho mimi sikufanya?

#2 Chikongola Kwetu
Njomba, umebandika shuka jeupe ukutani jioni, umewasha jenereta, halafu unashangaa watu kupiga makofi? Walijua sinema imeisha.

#3 Mwalimu wa Zamu
Nafundisha sekondari Masasi, na haya mambo nayapenda. Jibu langu liko kwa Solomon Asch, Marekani, 1951. Aliwakalisha wanafunzi wa chuo wakilinganisha urefu wa mistari, kazi ambayo mtoto wa darasa la pili anaiweza. Ila katika kila kundi mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anapimwa, wengine wote walipangwa wajibu kwa makusudi jibu moja la uongo. Karibu theluthi ya majibu ya wale waliopimwa yalifuata kundi, huku jicho linaona kabisa kwamba si kweli. Sasa sehemu ambayo watu huisahau: akitokea mwingine mmoja tu wa kusema ukweli, nguvu ya kundi inaporomoka.

Mkutano wako ulikuwa hivyo hivyo. Kila mtu anamwangalia jirani, jirani kimya, naye anahesabu ule ukimya kuwa ni jibu. Bibi akawa yule mmoja.

#4 Dengu
Mwalimu umesema vizuri, ila umeruka sentensi ya tatu. "Asiyetaka asije." Hapo ndipo penye uchawi wote.

Wafaransa wawili, Guéguen na Pascual, mwaka 2000 walimweka mtu njiani aombe wapita njia nauli ya basi. Akiomba kawaida, mmoja kati ya kumi anatoa. Akiongeza kwamba uko huru kukubali au kukataa, karibu nusu wanatoa. Ombi lile lile, nauli ile ile. Na kabla yao, 1966, Jack Brehm alishaeleza kwamba mtu akihisi anasukumwa, hupinga ili kulinda uhuru wake, hata kama anachosukumiwa anakitaka.

Afisa, swali dogo. Katika hizo saa mbili, neno "inabidi" ulilitaja mara ngapi?

#5 Afisa Vumbi
Dada Dengu umenichoma. Nimefungua faili sasa hivi. Lipo kwenye slaidi tisa.

#6 Mkorosho Pori
Mnazunguka mbuyu bure. Kuni. Mkorosho mmoja wa zamani ukiuangusha una kuni za miezi, na mkaa juu. Watu walipoona bibi anaangusha mitatu wakapiga hesabu. Saikolojia gani, jamani.

#7 Ntani wa Nyangao
Mimi Mmwera, nazungumza kwa haki ya utani: Mmakonde humshawishi kwa maneno. Ukimwambia nyumba yako inaungua, atakuuliza umejuaje. Kwanza akaone moshi. Bibi kawaonyesha moshi.

#8 Chikongola Kwetu
Ntani, wewe Mmwera ukiambiwa nyumba inaungua unauliza kama kuna pilau. Tuacheni.

#9 Kaka Jengo
Mambo haya yalishapangwa zamani na yule profesa wa Marekani, Robert Cialdini, mwaka 2004. Kanuni ni sita: kurudisha fadhila, kushikilia ulichokwisha kuahidi, kufuata wengi, kutii mwenye mamlaka, kumpenda anayekuomba, na kuogopa kitu kuadimika. Bibi alitumia ya tatu, ya nne na ya tano kwa mpigo. Uzi ufungwe.

#10 Dengu
Usifungwe. Si 2004, ni 1984. Na si sita tena. Mwaka 2016 mwenyewe aliongeza ya saba: umoja, ile hali ya "huyu ni wa kwetu". Naona ya saba ndiyo inayomhusu bibi kuliko zote ulizotaja. Afisa hata akipendwa vipi, hatakuwa wa pale.

#11 Kaka Jengo
Nimepokea. Mwaka nilichanganya na ule niliomaliza chuo.

#12 Binti Nachingwea
Mimi naona tatizo la Afisa ni kwamba alizungumzia faida. Kahneman na Tversky walionyesha 1979 kwamba hasara inauma kuliko faida ya kiasi hicho hicho inavyofurahisha. Wewe unaonyesha grafu ya kilo zitakazoongezeka baada ya miaka mitatu, mkulima anaona mti utakaoanguka leo. Mti anaujua. Hizo kilo zako zipo kwenye shuka.

Bibi hakuzungumzia faida hata kidogo. Aliichukua hasara yeye kwanza, wengine wakaitazama ikianguka chini na jua likaendelea kuwaka. Nadhani watu walikuja kuangalia kama atalia.

#13 Afisa Vumbi
Hakulia. Mti wa pili ulipoanguka alisema "haya", akaomba maji ya kunywa.

#14 Mjomba Halisi
Wasomi nimewasoma wote. Naomba na mtu wa huku juu naye aongee.

Mkorosho wa zamani una watu wake. Aliupanda fulani, wanaoula ni hawa, akifa anaokota fulani. Ukikata leo, kesho simu inapigwa kutoka Dar: nani kakuruhusu kukata mti wa mjomba? Mtu anaweza kukubaliana na grafu zako zote na bado asikate, kwa sababu uamuzi si wake peke yake. Hakuambii hivyo mkutanoni. Atakupigia makofi.

Sasa angalia neno la bibi. Afisa kaandika kwenye mabano "nadhani mumewe". Mimi sidhani. Sisi Wamakonde kwa asili ukoo unahesabiwa upande wa mama, na mwenye neno ni mjomba. Bibi mwenye umri huo akisema "marehemu" mbele ya kijiji, inawezekana kabisa ni kaka yake. Kama ni kaka yake, basi nusu ya waliokuwa pale ni wapwa au wajukuu wa huyo marehemu. Bibi kwa umri wake ndiye aliyebaki wa kusema. Aliposema "nakata", hakuwashawishi watu. Aliwapa ruhusa. Walishashawishika zamani, Afisa ulipoteza mafuta ya jenereta tu.

#15 Mama Shughuli
Mjomba umenigusa. Na mimi niongeze la kike ambalo wanaume hamlijui. Afisa, chunguza kama huyo bibi si kungwi. Sitaki kutaja kijiji, ila bibi wa kukaa pembeni, anayeongea bila kuinua kichwa na watu wakanyamaza, mara nyingi ana kazi nyingine. Kama amewacheza unyago wanawake wa pale kwa miaka arobaini, basi kila nyumba ina mtu aliyewahi kukaa chini mbele yake akifundishwa. Mume anasema "tutafikiria", mke anamwangalia tu. Kesho shoka linanolewa.

#16 Mpwa wa Mjini
Mjomba Halisi, kwa heshima, hayo ya ukoo wa mama yamepungua. Kwetu Tandahimba mirathi siku hizi inakwenda kwa watoto, kwa sheria ya dini, na vijana wanauza mashamba bila kumuuliza mjomba yeyote. Mimi mwenyewe mjomba wangu nilimwarifu baada ya kuuza.

#17 Mjomba Halisi
Na alisema nini?

#18 Mpwa wa Mjini
Hatujaongea tangu 2019.

#19 Kaskazi
Mimi nipo Dar, nasoma kwa mbali. Hoja ya Mama Shughuli ni mamlaka. Kuna lile jaribio la Milgram, watu waliambiwa na mtu mwenye koti la maabara wampige mwenzao umeme, na wote walibonyeza mpaka mwisho, volti 450. Binadamu anatii tu.

#20 Mwalimu wa Zamu
Kaskazi, si wote. Katika lile jaribio linalotajwa sana, lililochapishwa 1963, walikuwa wanaume 40, waliofika mwisho ni 26. Umeme wenyewe haukuwepo, aliyejifanya kupigwa alikuwa anaigiza tu. Ila kuna kipande kinachomfaa Afisa: Milgram alipojaribu kumtoa chumbani yule mwenye koti, akawa anatoa maagizo kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka mpaka kama mmoja kati ya watano.

Mradi unapiga simu. Bibi yupo pale kwenye mkeka kila siku.

#21 Mzee wa Stakabadhi
Vijana, mimi nitawapa kisa changu, na somo lenyewe mtalitafuta wenyewe.

Ilikuwa kabla ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka mazao ghalani yauzwe kwa mnada, kuingia kwenye korosho 2007. Mwezi wa pili, ghala tupu, mke ana mimba ya mtoto wa tatu. Akaja kijana mmoja na baiskeli, ana kiroba cha unga. Simfahamu vizuri, nimewahi kumwona tu. Akasema, "Mzee, nimepita, nikakukumbuka." Akaacha unga, akaondoka. Hakuandika popote wala hakutaja korosho. Wiki mbili baadaye karudi, sabuni na dagaa. Kaketi, kacheza na watoto. Mara ya tatu, wakati wa kuaga, akasema, "Msimu ukija tutaangaliana, mzee wangu."

Hayo tu. Tutaangaliana.

Msimu ulipokuja alikuja na kopo lake la kangomba, ule ununuzi wa kienyeji wa nyumba kwa nyumba. Mnalijua, linaitwa kilo lakini ndani inaingia kilo na nyongeza nzuri. Bei aliyoitaja kama nusu ya ile waliyokuwa wanatoa wengine. Na mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, nilimpimia. Gunia tatu. Mke wangu kasimama mlangoni ananiangalia. Nilikuwa najua naibiwa! Lakini kila nikifungua mdomo nakuta unga wake umo ndani.

Nikakaa miaka najilaumu kwamba ni ujinga. Siku hizi wanasema kangomba ni kosa kisheria, na ni sawa. Lakini mshtaki angeniuliza, "alikulazimisha?", ningejibu nini?

#22 Dengu
Mzee wangu, pole, na shikamoo. Si ujinga. Dennis Regan alilipima jambo hilo 1971. Mtu aliyejifanya mshiriki mwenzio anatoka, anarudi na soda mbili, moja anakupa bila kuombwa. Baadaye anakuomba umnunulie tiketi za bahati nasibu. Waliopewa soda walinunua kama mara mbili ya wasiopewa. Na aliyepewa soda alinunua hata kama yule jamaa hakumpenda. Deni lilikuwa linatosha.

Soda, tena ya bure na bila njaa. Wewe ulikuwa na mke mjamzito.

#23 Mzee wa Stakabadhi
Marahaba mwanangu. Kwa soda nisingenunua tiketi.

#24 Jeuri ya Shangani
Kwa kuwa tumeingia kwenye kuliwa, na mimi nitubu. Mwaka juzi niliingizwa kwenye kundi la simu, "kazi ya kutazama video". Siku ya kwanza nikatazama tatu, ikaingia 5,000 kwenye simu. Kweli kabisa! Nikamnunulia mama kanga. Wiki iliyofuata wakasema upande daraja kwa 20,000. Nikaweka, ikarudi 26,000. Halafu 100,000. Mwisho 300,000 na ndipo kundi likafutwa, mimi na "dada yetu mratibu" tukawa hatujuani.

Kinachoniuma ni kwamba siku wangeniomba 300,000 moja kwa moja ningewacheka. Mimi ndiye yule rafiki ambaye huwaambia wenzake "huo ni utapeli".

#25 Mwalimu wa Zamu
Jeuri, huo ni mguu mlangoni. Freedman na Fraser, California, 1966. Waliwaomba watu waweke mbele ya nyumba bango kubwa baya la kuhimiza udereva wa uangalifu. Walioombwa ghafla, waliokubali walikuwa asilimia 17. Wale ambao wiki mbili kabla walikubali kibandiko kidogo tu cha aina hiyo, asilimia 76. Kibandiko kinambadilisha mtu anavyojiona: "kumbe mimi ni raia wa kujali barabara."

Wewe ile 5,000 ilikufanya ujione mtu mwenye kazi ya mtandaoni.

#26 Jeuri ya Shangani
Niliandika hivyo hivyo kwenye wasifu wangu. Mungu anisamehe.

#27 Chikongola Kwetu
Kanga ya mama iliandikwaje?

#28 Jeuri ya Shangani
"Usilolijua ni usiku wa giza." Siongezi neno.

#29 Mchuuzi wa Feri
Tusisahau bei ya kwanza. Mimi nauza samaki. Mteja wa kigeni akija namtajia bei ambayo hata mimi naionea haya, akipunguza mpaka nusu anaondoka anacheka. Mwalimu, hilo nalo lina profesa wake?

#30 Binti Nachingwea
Lina wawili, ni wale wale Kahneman na Tversky, 1974. Walizungusha gurudumu lenye namba, halafu wakauliza watu ni asilimia ngapi ya wanachama wa Umoja wa Mataifa ni nchi za Afrika. Gurudumu likisimama kwenye 10, jibu la kati lilikuwa 25. Likisimama kwenye 65, lilikuwa 45. Gurudumu halijui hata Afrika iko wapi, na bado limewavuta. Nawe kaka ndilo hilo gurudumu. Nitakuja na bei yangu mfukoni.

#31 Mwana Kipatimu
Mimi wa Kilwa, nilete historia kidogo. Ushawishi mkubwa kuliko wote uliowahi kutokea kusini ni wa Kinjikitile, kule kwetu Ngarambe, Kilwa. Mtu mmoja, mwaka mmoja, makabila yasiyoelewana yakaamini maji yatageuza risasi. Hakuwa na redio.

#32 Kaskazi
Nirekebishe, maana mimi nilirekebishwa. Ngarambe ipo Rufiji. Yenu ni Nandete, ndipo vita vya Majimaji vilipoanzia Julai 1905. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo, vita ndiyo kwanza vinaanza.

#33 Mwana Kipatimu
Nakubali kuhusu Ngarambe. Umatumbi ni mmoja lakini, mipaka mmeiweka nyinyi.

Ila sikilizeni. Habari ya Ngarambe haikutangazwa mkutanoni. Ilikwenda kwa mnong'ono, wazee waliuita Njwiywila. Unaambiwa wewe, kwa siri, na anayekuambia ni mtu wenu. Siri ukipewa unajiona umechaguliwa, na ukishaichukua ni yako, utaipeleka kwa unayempenda. Na vita vyenyewe Nandete havikutangazwa kwa hotuba. Waling'oa miche michache ya pamba ya Mjerumani, basi, ikawa imesemwa. Sasa nikisoma bibi anaangusha mikorosho mitatu...

#34 Takwimu Kavu
Naomba niharibu sherehe. Mmeshatoa maelezo kama kumi, na kila moja linaingia vizuri kama mguu kwenye ndala. Hilo lenyewe linanitia wasiwasi. Tukio ni moja. Ukiwa na tukio moja, kila nadharia inashinda.

Pili, majaribio mengi ya aina hii yamefanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani, na 2015 watafiti waliporudia majaribio 100 ya saikolojia, zaidi ya nusu hayakutoa tena matokeo yale yale. Sisemi haya mliyoyataja ni ya uongo. Nasema punguzeni mbio.

Tatu, mmesahau wakati. Afisa, mikutano yako ulifanya lini? Kama wa kwanza ulikuwa kabla ya minada na wa pili baada ya watu kulipwa, basi tofauti inaweza kuwa ni hela ya kumlipa mwenye shoka. Na huenda mikutano yako ndiyo iliyolima na kupanda, bibi akapita siku ya kuvuna.

Nne, 19 wamejiandikisha. Kujiandikisha ni wino. Wangapi wamekata?

#35 Afisa Vumbi
Takwimu, nilikuwa naogopa swali hilo. Nimezunguka leo na pikipiki. Waliokata kweli ni 11. Watano wamepunguza matawi tu na kuniambia "tunaanza taratibu". Watatu wanasubiri waone. Mwenyekiti, yule wa kwanza kujiandikisha, hajagusa hata jani.

Kuhusu wakati: wa kwanza ulikuwa mwezi wa tisa, wa pili mwezi wa kwanza. Malipo yalikuwa yameshaingia. Kwa hiyo na hilo lipo. Sina amani tena.

#36 Mkorosho Pori
Hao 11 waulize kuni wamezipeleka wapi.

#37 Afisa Vumbi
Jambo jingine naomba ushauri. Ofisini wamesikia habari za bibi, wamefurahi, wanataka tumzungushe vijiji vingine sita. Posho ya siku, kofia na fulana ya mradi. Nikubali?

#38 Mama Shughuli
Fulana!! Mwanangu, ukimvalisha fulana umemuua.

#39 Kaka Jengo
Mimi sikubaliani na Mama. Bibi anapoteza siku zake, alipwe. Mbona nyinyi mnalipwa? Kwenye semina zenu anayekunywa chai tu anasaini posho, leo bibi mwenye kazi yenyewe mnasema asilipwe ili "abaki asili". Huo ni unyonyaji wenye maneno matamu.

#40 Dengu
Kaka Jengo ana haki yake. Lakini Mama naye. Siku atakayosema "nakata mitatu" akiwa na kofia yenu, watu watasikia "nimelipwa mitatu". Halafu kijiji cha pili si ukoo wake, kama Mjomba yuko sahihi. Mlipeni kwa siku alizokwisha toa, kimya kimya, na vijiji vingine watu wake waje kwake kutazama.

#41 Ntani wa Nyangao
Na wakija wapewe chai. Ila msiseme ni mradi uliotoa sukari.

#42 Takwimu Kavu
Au fanyeni vijiji vitatu na bibi wa pale pale, vitatu bila bibi, tuhesabu visiki baada ya msimu. Najua hamtafanya.

#43 Afisa Vumbi
Wakuu, nimerudi. Nilikuwa kimya siku nne, mtandao huku ni wa kupanda mti. Jana nilikwenda kwa bibi, nikamkuta anachemsha ming'oko, nikakaribishwa. Baada ya kula nikamuuliza moja kwa moja: bibi, siku ile mkutanoni ulitaka kufanya nini?

Nimeandika kwenye daftari jinsi alivyosema: "Nilikuwa na njaa, na wewe humalizi."

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikamuuliza ya marehemu ni marehemu gani. Kaka yake. Mjomba Halisi, chukua kombe lako.

Lakini ngoja. Nikamuuliza kwa nini mitatu ile na si mingine. Akanipeleka kwenye visiki. Mmoja ndani ni uwazi mtupu, umeliwa na wadudu. Akasema mitatu yote ilikuwa haijazaa tangu kaka yake azikwe, na mjukuu wake anaoa, kwa hiyo kuni zilikuwa zinahitajika shughulini. Angekata tu, niwepo nisiwepo.

#44 Mkorosho Pori
KUNI. Nilisema namba 6. Naomba radhi kutoka kwa Mwalimu, Dengu, Binti Nachingwea na Mjerumani.

#45 Mwalimu wa Zamu
Radhi ya nini? Hiyo ni sababu ya bibi kukata. Afisa aliuliza sababu ya wale kaya 19 kumfuata. Wao hawana harusi.

#46 Binti Nachingwea
Isitoshe kama mitatu ilikuwa mikavu, hasara aliyoichukua haikuwepo. Hoja yangu imeanguka, isipokuwa kama watu hawakujua.

#47 Mjomba Halisi
Binti, kijijini kila mtu anajua mkorosho wa nani hauzai. Walijua. Ndiyo maana nasema ni ruhusa. Hata angekata kisiki kikavu, aliyesema ni yeye.

#48 Mama Shughuli
Afisa hujajibu langu. Ni kungwi au si kungwi?

#49 Afisa Vumbi
Nilimuuliza, mama. Akaniangalia muda mrefu, kisha akauliza kama nimeshiba.

#50 Mama Shughuli
Basi.

#51 Chikongola Kwetu
Afisa, harusi ya mjukuu ni lini? Ntani wa Nyangao anauliza, ameshaandaa sufuria.